Rangi ya Nyumba ya Mtaliano

Mama Tupokigwe ameitumikia karakana yetu ya ujenzi hapa Tukuyu kwa miaka ishirini na minane, na leo, tarehe 30 Juni 2003, anastaafu. Aliajiriwa mwaka 1975 kuchekecha mchanga. Anaondoka akiwa fundi mkuu wa rangi, na hakuna kati yetu aliyewahi kumwona akidondosha tone sakafuni.

Mwaka 1993, biashara zilipofunguka na majarida ya nje kuanza kuonekana madukani, Bwana Alawi, muuza nguo, alituletea picha ya nyumba ya Kitaliano: madirisha ya tao, nguzo barazani, kuta za njano iliyopoa. Alitaka ya kwake pale Ibighi iwe hivyo hivyo, isipungue kitu. Rangi za makopo tulizojaribu ziligeuka kama uji wa ulezi kwa mvua ya kwanza tu. Mama Tupokigwe akaenda kwao Igogwe, akarudi na udongo wa njano ambao mama yake alikuwa akisiribia nyumba, akauchanganya na chokaa. Ukuta ukakubali.

Alinakili kila kitu, hata plasta iliyobanduka chini ya dirisha la juu. Kwenye picha ule ulikuwa uchakavu. Yeye aliuchonga kwa patasi siku nzima. Bwana Alawi alicheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa saruji, kisha akasema pasizibwe. Pako hivyo hadi leo, na watu wa Ibighi huelekezana "kwa Mtaliano", ingawa hakuna Mtaliano aliyewahi kulala pale.

Siku hiyo aliyocheka, Bwana Alawi aliuliza nani kachanganya rangi. Mimi ninayeandika haya nilijibu kuwa ni mimi. Mama Tupokigwe alikuwa juu ya ngazi, akasikia, akaendelea kupaka. Nikapewa usimamizi wa rangi. Yeye akarudishwa kwenye chekeche kwa miaka minne.

Kila mteja alipotaka nyumba kama ile, ilibidi nimfuate mama huyu kimyakimya anichanganyie rangi. Hakunisema kwa mtu. Aliniuliza tu, huku akikaza kitenge chake: "Fundi, ya kwako imeisha?" Mwaka 1997 aibu ilinizidi, nikaomba apandishwe kuwa fundi, lakini sababu sikuitaja.

Naitaja leo, mbele ya wanawe na Bwana Alawi mwenyewe. Nisamehe, mama. Karakana nzima inakuombea afya na mapumziko matamu kule Igogwe. Ndaga fijo kwa yote uliyotufundisha. Na lile swali lako, nalijibu sasa: ya kwangu haikuwahi kuwepo.

Nsajigwa, Msimamizi wa Rangi