Bwana Hamdun na Kura ya Bi Mwanamize

Assalamu alaykum, ndugu zetu wa ofisi ya Olaya kule Riyadh, na nyinyi wa bandarini hapa Jeddah. Hali zenu? Watoto hawajambo? Na yule aliyekuwa akilalamikia mgongo, umepoa? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila joto.

Bwana Hamdun Jabir, karani wetu mkuu wa shehena, anastaafu tarehe 29 Shaaban 1402, baada ya kuitumikia kampuni hii miaka kumi na saba. Nimeambiwa mimi niandike habari zake kwa kuwa nimemwendesha kazini miaka kumi na miwili, na dereva husikia mengi. Elimu yangu ni ya chuo cha Kurani na madarasa machache ya skuli, kwa hivyo mtanisamehe nikiteleza.

Aliingia kazini Muharram 1385, kampuni ikiwa na malori matatu na meza moja. Alikuwa ametoka Unguja mwaka uliotangulia, na sanduku la nguo na daftari la jalada jeusi. Kazi aliyopewa siku ile ya kwanza, kuhesabu mizigo inayoshuka melini, ndiyo anayoiacha leo.

Waliokuja juzi hawajui bandari ilivyokuwa mwaka 1396. Mafuta yalikuwa yanaijenga nchi, kila mtu anataka saruji, na meli zimejipanga baharini miezi, mpaka zikaletwa helikopta kuishusha saruji kutoka angani. Vumbi hilo huoni mkono wako. Wengine waliandika nambari za kukisia. Bwana Hamdun alimweka karani wa meli kushoto kwake na karani wetu kulia, akainua cheti cha kila fungu juu wakione wote wawili, akaitamka nambari, ndipo akakiweka chini. Kila vyeti hamsini alivifunga kwa uzi. Msimamizi wa gati alimpigia kelele: "Yalla, ya Hamdun, halas, imetosha." Naye akajibu kwa upole: "Mafi halas, haijaisha. Bado moja."

Siku moja tulisimama juani toka Adhuhuri hadi Alasiri kwa mfuko mmoja katika elfu sita. Nilimwambia, "Bwana Hamdun, moja ni nini?" Akaendelea kuhesabu. Jawabu nililipata mwaka uliofuata.

Wengi wenu mnajua kwamba kule nyumbani alikuwa karani wa kura katika jimbo la Kisimadoni. Kwenye baraza yetu ya mtaa wa Kandara hapa Jeddah, baada ya Alasiri, kahawa ikizunguka, tulikuwa tukimjaribu. Unamtajia mwaka wa Kizungu, anakupa hesabu bila kufungua daftari. Elfu moja mia tisa hamsini na saba, walipopiga wanaume peke yao: mia sita na kumi na moja kwa mia tano na arubaini. Januari ya sitini na moja, wanawake nao wameingia: elfu moja mia mbili na nne kwa elfu moja mia mbili na tatu. Juni ya mwaka ule ule, upande wa pili ukakitwaa kiti kwa kura hamsini na nane. Sitini na tatu wakakishika tena. Kisha mambo yakageuka, kiti chenyewe kikaondoka, na jimbo zima likabaki kichwani mwa mtu mmoja aliyekaa Kandara, akijua hata ni kura ngapi ziliharibika kila mara. Subhanallah.

Ile kura moja ya Januari ndiyo iliyokuwa mwiba. Fundi wetu wa magari, Salum Bakari, ni mtu wa Kisimadoni na wa upande ulioshindwa siku ile. Hakuna wiki aliyomwacha. "Karani, ile moja uliinywa na chai au kavu?" Baraza inacheka, Bwana Hamdun anatabasamu, anazungusha kikombe chake. Sisi tukadhani ni mzaha anaoustahimili.

Mwaka 1397 mama yake, Bi Mwanamize, mwalimu wa chuo cha Kurani anayekaa Mombasa sasa, alikuja kuhiji. Tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege. Kutoka pale mpaka Kandara ni hatua chache, lakini mahujaji walikuwa wamejaa njia nzima, tukakaa garini saa nzima bila kusogea. Bi Mwanamize akamwambia mwanawe kama desturi ya mwenye kuhiji, "Hamdun, kama nimekukosea, nisamehe." Bwana Hamdun akashika kichwa. "Mama, mimi ndiye wa kuomba radhi. Kura yako ya Januari niliiharibu mimi."



Akamweleza. Walipokuwa wanahesabu, ilitoka karatasi yenye alama mahali pake sawasawa, lakini juu yake imeandikwa Bismillahi kwa herufi za Kiarabu. Bi Mwanamize maisha yake hajashika kalamu bila kuanza kwa Bismillahi, hata orodha ya sokoni, na siku ile hakuona sababu ya kuacha. Sheria ilikuwa kwamba kura yenye maandishi ya kumjulisha mwenyewe haihesabiwi. Msimamizi Mzungu aliigeuza huku na huku. Kwake ilikuwa mikwaruzo tu, akataka kuipitisha. Bwana Hamdun peke yake ndiye aliyeujua mkono ule, uliomfundisha alifu na bee. Na kura ilikuwa ya upande ule ulioshindwa, ambao hata yeye mwenyewe aliupigia. Angenyamaza, hesabu zingelingana na kiti kingeamuliwa kwa bahati nasibu. Akasema, "Bwana, mwandiko huu naujua ni wa nani." Karatasi ikawekwa kando.

Bi Mwanamize akautengeneza mtandio wake. Kisha akauliza, "Na jioni ile hukuja kwangu ukala wali?"

"Nilikula, mama. Haukushuka."

"Na sahani ulilamba."

Nilijizuia nisicheke, nikashindwa, nao wakacheka. Ndipo akasema maneno ambayo nayaandika kama nilivyoyasikia: "Bismillahi ile sikumwandikia mgombea. Nilimwandikia Mwenyezi Mungu, na Kwake haikuharibika. Radhi zangu unazo. Lakini wenzako waambie. Wamegombana miaka yote hii kwa kura yangu, nami sina habari."

Radhi alizipata pale pale. Kuwaambia wenziwe kulimshinda miaka mitano. Aliniomba nami nisiseme, nikakaa nalo. Alikuwa akiniambia njiani, "Wakijua, watasema nimemuuza mama yangu, au watasema nimewauza wao." Nilimwona mtu asiyeogopa msimamizi wa gati wala nahodha akiogopa baraza ya watu wanane.

Ijumaa ya kwanza ya Rajabu hii, akiwa ameshakata tiketi ya Mombasa, Salum akaanza kama kawaida yake: "Unaondoka, karani, na kura yangu hujanirudishia." Bwana Hamdun akaweka kikombe chini, akafungua daftari jeusi, akawaeleza yote, na jina la mama yake akalitaja.   Salum akainuka, akachukua birika mkononi mwa mgawaji, akammiminia Bwana Hamdun kahawa mwenyewe, kwa mikono miwili.

Akasema, "Basi Kisimadoni imemalizika kuhesabiwa leo."

Bwana Hamdun, kampuni inakushukuru kwa kila cheti ulichokiinua juu kikaonekana. Mimi nakushukuru kwa ile saa ya garini. Nenda kwa mama yako, mle wali na safari hii ushuke vizuri, Mungu awape afya nyote wawili na umri wenye utulivu.

Tutaagana naye siku ile ile ya 29 Shaaban, baada ya Alasiri, barazani Kandara. Salum amesema kahawa ataimimina yeye. Wewe unayesoma, hasa wa Riyadh mwenye safari ndefu, tafadhali nijibu mapema kama utakuja.