Kisu cha Siagi na Kioo cha Laptop

Haya ni kweli tupu, sijatia chumvi hata chembe. Mstaafu mmoja, aliyewahi kiti cha mwisho ndani ya basi, alikuwa akimsimulia mama aliyesimama kando yake jinsi alivyobadilisha mwenyewe kioo cha laptop ya binti yake, kwa kisu cha siagi.

"Tena umeme umekatika, giza totoro! Nikidanganya, kiti hiki chako."

"Sasa uliona vipi, baba?"

"Kioo chenyewe kilinimulikia."

"Kipi? Kile kilichovunjika, au kile ambacho ulikuwa hujakiweka?"

Abiria wakaangua kicheko. Mzee akakohoa, akainuka huku magoti yakilia, akashika bomba la juu la basi.

Mama akaketi, akanyoosha miguu. "Haya, sema kweli. Nani alikibadilisha?"

"Binti mwenyewe," mzee akanong'ona. "Mimi nilishika tochi."