Majina Arobaini na Matatu ya Namkunda

Isaya, zima hiyo redio, na wewe Jesca acha kunipepea ukae chini, maana pumzi niliyo nayo leo inatosha kusema mara moja tu, na kesho sina hakika kama maneno haya yatanifuata kwa mpangilio. Sikilizeni wanangu. Najua mnangoja niseme nyumba, basi nitaisema upesi isitusumbue. Nyumba hii ya Rahaleo ni ya Jesca, kwa kuwa yeye ndiye aliyerudi kunitunza miguu ilipoanza kuvimba, na wewe Isaya una yako Chikongola, huna sababu ya kununa. Cherehani apewe binti wa Jesca. Shamba la mikorosho la Naliendele nitalifikia, lakini siwezi kulifikia bila kupita njia ndefu, na njia yenyewe mpaka leo siielewi, ijapokuwa nimeipita kichwani miaka kumi na moja, nikaigeuza kama mtu anayegeuza kanga asijue upande wa nje ni upi. Isaya, chukua kalamu uandike, mkono wako ni mzuri kuliko wa dada yako.

Mwaka tisini na saba, baba yenu alipokuwa ametimiza miaka miwili kaburini, neno lilitoka dayosisi kwamba kila mtaa, yaani kile ambacho jirani zetu Wakatoliki hukiita parokia, uandike mpango wa miaka mitano wa utume na ukuaji wa kanisa. Hatukuwahi kuandika kitu kama hicho. Tulizoea kuombea mavuno, si kuyapangia. Padre akaunda kamati ya watu watano, mwenyekiti akawa Kasiani, karani wa bandarini, mtu wa sauti ya chini na kichwa safi, na mimi mwalimu wa darasa la tatu nikawa katibu kwa sababu ya mwandiko. Mwinjilisti wa kupeleka tulikuwa naye mmoja tu, na mahali pa kumpeleka palikuwa pawili. Kasiani alitaka akae mjini, upande wa barabara ya Mikindani kulikokuwa kunapimwa viwanja vipya, kwa sababu, alisema, walimu na watumishi wanahamia huko kutoka Mbeya na Tanga, na mgeni husali penye mlango wa kwanza anaoukuta wazi. Pa pili palikuwa Namkunda, kijiji cha mpunga karibu na mdomo wa Ruvuma, ambako ilisemekana kuna Waanglikana waliosahauliwa. Mimi ndiye niliyetumwa kwenda kuwahesabu.

Nilipanda lori la chumvi, nikamalizia kwa miguu, nikapokelewa na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mustafa, Mwislamu mcha Mungu aliyenipa kwanza maji na mihogo kabla ya kuniuliza shida yangu. Akaniambia bila kuficha. "Mwalimu, watu wako walikuwepo. Wakati wa vita kule ng'ambo walijaa hapa, wana katekista wao na kengele yao ya rimu ya gari. Amani ilipopatikana walikunja mikeka wakarudi Msumbiji. Wamebaki saba." Hao saba niliwaona kwa macho yangu, wazee wote isipokuwa kijana mmoja aliyekuwa kipofu. Bibi mmoja miongoni mwao alikuwa ametunza daftari la yule katekista, limeliwa na mchwa pembeni, lina majina arobaini na matatu. Akanikabidhi kwa mikono miwili akasema, "Na sisi tumo humo." Kisha akauliza, "Mwalimu, tukifa nani atatuzika?" Nikasema swali hilo nitalipeleka kwenye kamati.

Sasa ndipo penyewe, wanangu. Kabla sijafungua mkoba kikaoni, Kasiani alinitazama akatabasamu kama mtu anavyomtabasamia mtoto aliyeleta kasuku wa udongo, akasema, "Mama Isaya, mipango haifanywi kwa huruma. Tuambie, wako wangapi?" Nikaweka daftari mezani nikasema, "Arobaini na watatu. Majina haya hapa." Sikusema kwamba wapo, wala sikusema kwamba hawapo. Padre akalishika daftari, machozi yakamlenga, na kamati ikapiga kura palepale, Namkunda ikashinda. Nikajifariji kwa ule usemi kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Je, nilisema vile kwa ajili ya bibi aliyeogopa kufa bila kuzikwa na padre, au kwa ajili ya lile tabasamu la Kasiani? Nimejiuliza nikiwa na afya na nimejiuliza nikiwa mgonjwa. Kuna siku naona ni kwa ajili ya bibi, na siku nyingine naona tabasamu tu.

Akapelekwa yule mwinjilisti, Lukasi, mtu wa Newala, mwenye miaka thelathini na miwili, na mkewe Magreth. Waliondoka Januari ya tisini na nane na sanduku moja na kuku wanne. Mzee Mustafa akawapa kiwanja, akawaonyesha bonde la kulima, na vijana wa madrasa wakasaidia kusimamisha nguzo za banda la makuti, kwa kuwa pale kijijini kujengea mgeni hakuna dini. Mwezi wa sita, baada ya mavuno, Lukasi akaja kwangu. Alikaa hapo ulipokaa wewe Jesca. Nikamkaribisha chai, akaimaliza yote polepole, ndipo akasema, "Mwalimu, nimekuja kukuuliza. Wale arobaini na watatu wako wapi?"

Mlango ulikuwa wazi, wanangu. Ningeweza kusema. Nikamwambia, "Wamevuka ng'ambo kwa shughuli za mashamba, watarudi." Akasema, "Haya, Mwalimu. Nitawafuata," akanishukuru kwa chai.

Akawafuata kweli. Alinakili majina yote kutoka kwenye lile daftari, akawa anavuka Ruvuma kwa mtumbwi akienda kijiji hadi kijiji upande wa Msumbiji, anauliza jina moja moja. Aliwapata wengi. Wengine walikuwa wamekufa, wengine wamehama dini, na waliobaki alisali nao, akabatiza watoto wao, akarudi. Kila mwaka taarifa yake ilisomwa kwenye kamati, na mimi ndiye niliyekuwa naisoma. Masika ya mwaka elfu mbili, mto ukiwa umejaa, kiboko aliuinua mtumbwi wake katikati ya maji. Siku ya tatu walimkuta ukingo wa pili, na waliomkuta walikuwa ni watu wa lile daftari. Wakamfunga kwenye mkeka, wakamvusha, watu kumi na mmoja, wakamleta kwa Magreth aliyekuwa na mtoto wa miezi mitano mgongoni, Faraja.

Mimi sikwenda kuzika. Niliwaambia nyinyi kwamba nina homa. Sikuwa na homa.

Matanga yalipokwisha, baadhi ya wale kumi na mmoja hawakurudi. Mabonde ya upande wetu yalikuwa bado mazuri, na watoto wao wengine walizaliwa hapohapo wakati wa vita. Wakaita ndugu zao. Magreth akawa anafundisha watoto kwenye lile banda, na Jumapili anaongoza sala hadi padre afike, na padre alifika mara mbili kwa mwaka. Hakuna aliyepanga hilo, Isaya. Mwaka wa tatu walikuwa sitini. Mwaka jana, elfu mbili na saba, walikuwa mia moja na themanini, na Namkunda ikafanywa mtaa kamili, nami nikaitwa mbele ya watu nikavishwa kitenge, nikapewa cheti kile kilichoning'inia nyuma yako, kinachosema kwamba mimi ndiye niliyeona kwa imani. Na wewe mwanangu, uliye katibu wa kamati leo, umeandika kwenye mpango wenu mpya kwamba Namkunda ni mfano wa utafiti mzuri kabla ya kupanda kanisa. Nilisoma ukurasa huo mara mbili.

Mnasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika mahali penye altare na kwaya mbili. Kama uongo wangu ni dhambi, mbona bibi yule alizikwa kwa misa kama alivyotaka? Na kama ni mbegu, mbona alikufa Lukasi? Nilimuuliza padre mmoja mgeni kwenye maungamo, akaniambia Mungu huandika sawa kwenye mistari iliyopinda. Nikatoka nikijiuliza, basi niendelee kupinda? Na Kasiani naye alikuwa sahihi, hilo liandike. Viwanja vile vya barabara ya Mikindani vimejaa watu, makanisa ya wenzetu yako manne, letu halipo hata moja. Alijitoa kwenye kamati baada ya ile kura, hatukusalimiana miaka saba, akafa mwaka elfu mbili na nne bila kusikia nikimwambia, Kasiani, uliona mbele. Nendeni kwa watoto wake mkawaambie maneno hayo kwa niaba yangu, na msiyapunguze.

Nipe maji kidogo, Jesca. Inatosha.

Baada ya kile cheti sikulala vizuri wiki tatu, nikaenda Namkunda. Nilimkuta Magreth anapepeta mchele uani. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu niliona nikikaa sitasema, "Magreth, wale arobaini na watatu hawakuwepo. Nilijua."

Hakusimamisha ungo. "Najua, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza. Mzee Mustafa alituambia hatujafungua hata mizigo."

Nikamuuliza, basi kwa nini Lukasi alikuja kwangu kuuliza? Akasema, "Alitaka kukupa nafasi." Nikamuuliza kwa nini hawakuondoka. Akasema, "Mimi nilitaka. Nilifunga sanduku mara mbili. Yeye alisema hawa saba nao ni watu, na yale majina ni ya watu, hayakutungwa." Kisha ndipo akaweka ungo chini, akaniangalia. "Mwalimu, ulisubiri kanisa lijae ndipo uje? Ungekuja siku ile ya msiba ningekufukuza. Lakini ungekuwa umekuja."

Hakuniambia amenisamehe, wala hakuniambia hajanisamehe. Akaingia ndani, akatoka na mchele kama kilo mbili, akanifungia kwenye kitambaa, akanisindikiza mpaka penye gari. Ule mchele tuliupika humu ndani, Jesca, uliusifu kwamba unanukia. Mimi niliula nisijue kama ninakula msamaha au ninakula desturi tu, kwamba mgeni haondoki mikono mitupu. Hadi leo sijui.

Basi hilo shamba la Naliendele, ekari tatu zote na mikorosho yake, ni la Faraja binti Lukasi, na mama yake alisimamie mpaka binti akue. Lisiandikwe kwa jina la kanisa. Isaya, najua ulilitegemea, na najua kamati yako inatafuta eneo, lakini ukilitoa kama sadaka ya kanisa watanivisha kitenge kingine. Mpelekeeni Magreth hati mkononi. Akilikataa, msimbembeleze wala msiliuze. Liacheni litunzwe, na Faraja akifikisha umri aulizwe mwenyewe.

La mwisho. Siku ya kunizika mtasoma wasifu wangu, na watakaouandika wataweka kwamba niliasisi kanisa la Namkunda. Futeni. Someni kwamba Rozalia alikuta watu saba akasema arobaini na watatu, na Lukasi akaenda kuwatafuta akafa. Someni mbele ya askofu kama atakuwepo, na Magreth apelekewe habari ili aje kama anataka. Na kwenye ule mpango wako mpya, ukurasa wa Namkunda uandike upya, usije ukawatuma watu mahali kwa mfano ambao haukuwa...

Isaya. Mbona umeweka kalamu chini? Unasema itakuaibisha? Ndiyo, itakuaibisha, mwanangu. Mimi nilikwepa aibu ya dakika moja mbele ya Kasiani, tazama ilivyonigharimu. Si lazima uandike. Mpe dada yako. Jesca, chukua. Mwandiko mbaya nao husomeka.

Sogeeni, nipeni vichwa vyenu. Siwaoni vizuri. Huyu ni Isaya? Haya. Mungu aliyewajua wale saba kwa majina awajue na nyinyi. Asiwape mavuno msiyoweza kuyaeleza. Awape watu wa kuwaambia ukweli mapema, na moyo wa kukaa penye watu wachache bila kuwaongeza. Msigombanie nyumba. Isaya, usimchukie dada yako kwa kalamu hiyo. Nawabariki kwa jina la Baba, na la Mwana...

Umefika wapi, Jesca? Pale nilipouliza kama ni dhambi au mbegu? Usiweke jibu. Padre atataka uweke jibu, yeyote atakayekuja, atataka limalizike vizuri. Andika tu kwamba mama aliulizwa, akasema hajui. Halafu uandike... hapana. Hapo hapo. Weka nukta.