Papa Cassien Niyitegeka, Aliyetandika Sakafu ya Ukumbi Mkubwa wa Kamembe

Papa Cassien Niyitegeka alizaliwa Bukavu tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa tatu wa Mzee Gisa na Mama Drocella, wenyeji wa Nkungu, Rwanda. Mama yake alisimulia kwamba alijua kugonga misumari kabla ya kujua kusema vizuri.

Alisoma shule ya msingi huko huko Bukavu, kisha akajifunza useremala kwa mapadri. Hesabu za ubaoni zilimtoa jasho, lakini akipewa ubao aliukadiria kwa jicho tu, na futi ikija ilimkuta amekwisha kusema kweli.

Mwaka 1996 alirudi Rwanda na kufungua karakana Kamembe. Mabenchi ya kanisa moja la Rwimbogo ni kazi yake. Hata wanaosinzia wakati wa mahubiri wanamshukuru. Tarehe 18 Julai 1998 alifunga ndoa na Mukandori, wakajaliwa watoto wawili, Larissa na Muhire.

Mwaka 2021 aliitwa kutandika sakafu ya mbao katika ukumbi mpya wa Kamembe, wa michezo, muziki na sala. Alipoingia mara ya kwanza akaona paa pana lile, halina nguzo hata moja katikati, alivua kofia. “Eh, Mungu wangu,” alisema, “bantu banaweza kufanya hivi?” Siku hiyo hakugonga msumari hata mmoja.

Aprili 2022, mvua zilipokolea, sakafu ilivimba na kuinuka katikati. Mkuu wa kazi alimlaumu Ntabaza, mtunza ghala aliyevuka mpaka kila asubuhi kutoka Bukavu, kwamba aliacha mbao zilowe. Akaambiwa asirudi tena. Papa Cassien peke yake alijua ukweli. Kwa kutaka ipendeze, alikuwa amezibana mbao hadi ukutani bila kuziachia nafasi ya kupumua wakati wa unyevu, kosa ambalo hata mwanafunzi wake angekemewa kwalo.

Mama Mukandori alimsihi: “Nyamaza tu, Papa Larissa. Bakikufukuza, batoto batakula nini?”

“Batakula muhogo,” alijibu. “Lakini habatakula jina ya muntu.”

Alfajiri alikwenda akasema mbele ya wote: “Ntabaza hana kosa. Ni miye.” Njia ya mwongo ni fupi, lakini yeye hata hakuijaribu. Ntabaza alirudishwa kazini, na Papa Cassien akaing’oa sakafu nzima na kuitandika upya bila malipo, siku kumi na tisa, magoti yamevimba.

Ukumbi ulifunguliwa Jumamosi, tarehe 6 Agosti 2022. Maelfu walishangilia mpira wa kikapu. Yeye alitazama mbao tu. Ziliponyamaza chini ya miguu yote ile, alilia, na hakuona haya.

Mwaka 2024 aliugua figo. Alivumilia, akiwatania wauguzi kwamba vitanda vyao vinalia kwa kukosa seremala. Aliaga dunia Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, mkono wake ukiwa mikononi mwa binti yake.

Ameacha mjane, Mukandori. Watoto wawili, Larissa na Muhire. Na dada wa marehemu, Umuhire. Karatasi hii ilipokuwa inaandikwa, Ntabaza alikuja akauliza kwa sauti ndogo kama jina lake linaweza kuwekwa hata mwishoni. Mama Mukandori alisema: “Hapana, si mwisho. Mumuandike na bandugu.”

Ndugu zake: Umuhire na Ntabaza.

Bwana ampokee Papa Cassien, na amani imfunike.