Fundi Bomba Aliyefunga Msafara

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi bomba aliyetutoka mwaka jana, baada ya kuugua mapafu kwa muda mfupi. Wengi walimwita Mkia. Mwenyewe alilipenda jina hilo.

Jina lilitokana na baiskeli. Kila mwaka, shule zikikaribia kufunguliwa, kikundi chao kilisafiri kutwa nzima kwa baiskeli, kutoka mjini hadi ziwani. Na kila mwaka Mkia aliendesha nyuma ya wote. Si kwamba alikuwa mzembe. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mwenye pancha alimkuta njiani. Aliyekazwa na misuli alimkuta njiani. Mfukoni spana, begani pampu, mdomoni utani.

Kikundi kilikuwa na desturi moja. Juu ya kila kilima, wote walisimama wakangoja. Mkia alipanda taratibu, na akifika alipaza sauti: "Nyuma hakuna mtu!" Hapo ndipo walipoondoka. Kabla ya maneno hayo, hakuna aliyekanyaga pedali.

Mkewe ni mshonaji. Anashona sare za shule katika chumba cha mbele, cherehani ikitazama dirisha. Mkia alimuundia baiskeli, akaitundika ukutani juu ya marobota ya vitambaa. Kila mwaka alimwuliza, "Mama watoto, twende?"

Na kila mwaka jibu lilikuwa lile lile. "Na hizi sare atashona nani, wewe? Mwaka ujao."

Mkia akishafika ziwani, alimpigia simu. Mama alimtania: "Wenzako wamefika na jua. Wewe umefika na mbu."

"Mbu nao walikuwa nyuma, mama watoto. Ningewaachaje?"

Binti yao anasimulia: "Baba hakuwahi kununa. Aliishusha ile baiskeli, akaipangusa vumbi, akaitia mafuta, akairudisha ukutani. Basi."

Mwaka huu, wasikilizaji wapendwa, baiskeli ilishuka ukutani. Mama alifunika cherehani yake katikati ya msimu wa sare.

"Mama, na magoti hayo?" binti aliuliza.

"Magoti ni yangu."

Alitaka kitu kimoja tu: kuiona barabara aliyosimuliwa miaka yote. Na aliiona. Alikiona kiwanda cha matofali chenye bomba la moshi lililoinama. Alimwona mbwa mweupe anayefukuza magurudumu ya mbele tu, ya nyuma hayataki. Kila alipoona kitu, aligeuka ili amwambie Mkia. "Kumbe kweli," alitaka kumwambia. Nyuma palikuwa na lami tu.

Kilima cha kwanza alikipanda kwa miguu, akisukuma baiskeli. Alifika juu wa mwisho. Wenzake wote walikuwa wameshafika, mguu mmoja chini, wanakunywa maji, macho yanatazama bondeni. Naye akageuka, akatazama bondeni. Hakuna aliyeondoka. Mmoja akafunga kamba za kiatu upya. Mwingine akapapasa tairi lisilo na tatizo.

Kiongozi wa kikundi ni mwoka mikate, mtu wa maneno mengi. Ghafla alicheka kidogo, kisha akafunika uso kwa kofia.

"Jamani," alisema. "Tuko wote. Tunamngoja Mkia."

"Shemeji," akamgeukia mshonaji, "leo wewe ndiye uliyefunga msafara. Sema basi, tuondoke."

Mama akafungua mdomo. Maneno ni matatu tu. Hayakutoka.

"Siwezi kusema hivyo, shemeji," alisema. "Tungoje kidogo. Mimi aliningoja miaka yote."

Wakangoja. Lori likapita. Vumbi likapanda, likatua. Barabara ikabaki tupu. Kisha mama mwenyewe akakanyaga pedali, bila kusema neno, na wenzake wakafuata. Akawaacha wampite, mmoja mmoja, hadi akawa nyuma tena. Ikawa hivyo kila kilima. Walisimama, wakangoja, wakaondoka kimya.

Jioni binti alipiga simu. "Mama, umefika?"

"Nimefika."

"Umefika na jua?"

"Na mbu, mwanangu. Nimefika na mbu."

Wasikilizaji wapendwa, kwa mshonaji, kwa binti, kwa mwoka mikate na kikundi kizima: poleni sana. Mkia, pumzika. Nasi tuliobaki tujiulize. Nani nyumbani kwako anakuambia "twende", nawe unamjibu "mwaka ujao"? Baiskeli ile haijarudishwa ukutani. Imeegemezwa mlangoni, karibu na cherehani. Mama anaipangusa vumbi mwenyewe.