Dakika Kumi na Moja za Mama Kijiko

Baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne katika chumba cha kuchemshia matunda cha kiwanda chetu cha aiskrimu, Mama Kijiko anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Katika muda huo amewaaga mameneja saba. Sasa ni zamu ya meneja wa nane kumuaga yeye, na amemwandalia saa ya ukutani.

Alianza kwa kuchambua forosadi, akitoa vikonyo kimoja kimoja, kilo ishirini kwa zamu. Vidole vikageuka zambarau na havikurudia rangi yake tena. Siku ya kumwoza bintiye alivaa glavu, na wakwe wakamsifu kwa kwenda na wakati. Jina lake lilitokana na kijiko cha chuma alichokuja nacho kutoka nyumbani, ambacho mpaka leo kinakaa mfukoni mwa aproni yake.

Wengi mnaokula aiskrimu yetu ya forosadi hamjui kwamba ilizaliwa kwa kosa. Katika mwaka wake wa saba, sufuria moja ya kilo arobaini ilitiwa matunda pamoja na vikonyo vyake. Msimamizi akaamuru imwagwe. Mama Kijiko akachovya kijiko, akaonja, akasema iachwe. Ilikuwa na uchungu mdogo nyuma ya utamu, ule wa kukufanya urudie. Ndani ya wiki mbili maduka ya huku kwetu hayakutaka nyingine. Ng'ambo ya mto mpaka leo wanauliza kama imeharibika. Hiyo ni shida yao.

Tangu hapo kazi ni ileile: gramu mia mbili za vikonyo kwenye kitambaa, kitambaa kwenye sufuria, dakika kumi na moja. Ya kumi bado. Ya kumi na mbili ni dawa ya kikohozi. Matunda yakiwa yamenyeshewa hushuka hadi tisa, na hilo anajua yeye na kijiko chake tu.

Ladha hiyo ilipopata tuzo, picha ilipigwa. Ipo pale mapokezi: mkuu wa masoko ameshika kikombe, na kushoto kuna kiwiko. Kiwiko hicho ni cha Mama Kijiko. Kwenye kopo amechorwa bibi mwenye miwani, na chini yake pameandikwa "Mapishi ya Bibi". Aliuliza bibi huyo ni nani, akaambiwa ni mchoro tu. Basi, akasema, kesho aje yeye kuwasha jiko saa kumi na moja alfajiri.

Tangu Januari ameomba jambo moja: apewe mtu wa kumfundisha kwa mwezi mmoja, na vikonyo viandikwe kwenye kadi ya mapishi pamoja na jina lake. Barua tatu. Jibu lilikuja moja, kwamba kadi ina mistari tisa na imekamilika. Nimeisoma. Kikonyo hakimo.

Aiskrimu mtakayokula kwenye sherehe ya kumuaga ilipikwa Jumanne kwa kadi hiyo, bila yeye. Jumatano aliletewa aionje. Akatoa kijiko chake, akaonja, akasema ni tamu. Kwa miaka ishirini na nne hajawahi kusema hivyo juu ya forosadi. Husema "bado" au "iko sawa". Kisha akakifuta kijiko, akakirudisha mfukoni.

Mama Kijiko, asante kwa sufuria zote, na zaidi kwa ile uliyokataa imwagwe. Tunakuombea usingizi mpaka jua liingie dirishani, na wajukuu wa kukuchosha kwa mambo mazuri. Kijiko ni chako, nenda nacho.

Sisi tuliobaki, kuanzia Jumatatu, tutapika tamu.