Msimu Baba Kalunde Aliobaki Nyumbani

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena, maana leo nimesimama mbele yenu nikiwa nimeshiba na nimevaa, na ni yeye aliyefanya!

Mimi ni Raheli, mke wa Yakobo, yule mnayemwita Baba Kalunde. Kwetu ni kule chini, ukivuka korongo, kando ya njia ya zamani ya wapagazi. Wengi mnanijua kwa uso. Lakini kuna miezi mingi hamkuniona humu ndani, na leo nataka niwaambie kwa nini.

Ndugu zangu, tulikuwa wakulima kama ninyi. Tulilima mtama, karanga, na viazi vya kukatakata na kukausha michembe. Hatukuwa na mali, ila jikoni kwangu moshi haukukosekana. Ndipo Baba Kalunde akaugua kifua. Alilala wakati wenzake wanalima, na mwaka huohuo mvua ikakatika mtama ukiwa ndio kwanza unachanua. Ghala letu likabaki na panya, na panya nao wakahama!

Nikaanza kulima kwa watu. Mnajua kazi hiyo ilivyo. Unalipwa unga wa kula siku ile, na siku hizohizo shamba lako nalo linataka jembe. Nilipalilia karanga za wenzangu, zangu zikamezwa na majani. Jioni nikirudi, napita kando ya shamba langu nimegeuza uso, kama mtu anayemkwepa anayemdai. Hivyo mwaka wa pili mvua ilinyesha vizuri kabisa, watu wakaimba, na sisi tukalala njaa tena. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoona kwamba tumeingia shimoni. Kadiri nilivyohangaika kuwatafutia watoto chakula cha leo, ndivyo nilivyowanyang'anya cha mwakani.

Na nguo? Nilikuwa na kaniki moja, imeoza hata fundo halishiki. Jumapili kengele ikilia nawatanguliza watoto na baba yao, mimi nasema kichwa kinaniuma. Bwana anajua kichwa hakikuwa kinauma.

Kisha mwanangwa, mkubwa wa kijiji chetu, akatuma mtu kuhusu kodi. Asiyekuwa nayo apelekwe kazi ya barabara. Na wakati uleule mjini Tabora alifika mtu wa kuandikisha manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge kule Tanga. Baba Kalunde akasema anakwenda kujiandikisha.

Tanga, ndugu zangu! Kaka yake alikwenda huko akiwa na nguvu za ng'ombe, na mpaka leo hatujui hata alikozikwa. Sasa aende huyu, ambaye akipanda kichuguu lazima akae?

Nikamwambia, "Baba Kalunde, kifua hicho hakitafika."

Akanijibu, "Babu yangu alibeba pembe kwa miguu mpaka pwani akarudi. Mimi nitakwenda na garimoshi, nimekaa, nishindwe?"

Alisema hivyo anacheka, lakini macho yake hayakucheka. Alikuwa anatuaga. Alianza kuwafundisha watoto mahali pa kukatia miti ya kujengea, na jinsi ya kuziba paa linapovuja. Nilimsikiliza nikiwa nachambua mlenda, machozi yakidondokea humohumo chunguni.

Basi, akaja Mama Milembe, mama yetu wa maombi, kuuliza mbona sionekani kanisani. Nikampokea nimejificha nyuma ya mlango, kichwa tu kiko nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hutoki?"

Nikauvuta mlango karibu zaidi. Aliniangalia kidogo, akaelewa, akageuza maneno tukaongea habari za kuku wake. Mungu ambariki kwa zile habari za kuku!

Yaliyofuata nilisimuliwa baadaye. Wazee walikaa kuamua sadaka ya mavuno ifanyiwe nini, na Mama Milembe akatutaja sisi. Akataka tupewe fedha. Mzee Petro, aliyetunza sadaka, akasema tuletewe unga, maana fedha mkononi nani ajuaye zitaishia wapi? Labda kilabuni! Mama Milembe akamuuliza, "Mzee Petro, jino likikuuma, jirani ndiye anayekuchagulia la kung'oa?" Wazee wakacheka, na mwenyewe akacheka.

Wakaja wote wawili asubuhi. Mama Milembe akaniwekea mkononi kitambaa kilichofungwa. Nilipoona ni fedha nikaogopa. Nikauliza, "Mnataka tuzifanyie nini?"

"Ni zenu," akasema. "Ninyi ndio mnaoijua nyumba yenu."

Mzee Petro akafungua kinywa, Mama Milembe akamtazama, akakifunga. Wakaomba, wakaenda zao.

Ndugu zangu, nilishazoea kuulizwa. Kwa nini huna, ulifanya nini na cha mwaka jana, mume wako ni mvivu? Siku ile hakuna aliyeniuliza kitu. Nikalia kama mtoto!

Lakini Baba Kalunde hakutaka hata kuzishika. Akanipa mgongo, akasema, "Mimi si ombaomba."

Nikamwomba Bwana anipe neno, naye akanipa. Nikasema, "Huko mkonge unafuata nini?"

"Fedha."

"Zimekutangulia hapa. Unakwenda kufuata nini tena?"

Akanigeukia, akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, na nilipomshika mabega nikaona analia. Tukakaa vile, nimemshika. Haleluya!

Tulilipa kodi. Tukanunua unga wa kututosha miezi ya kulima, na mbegu za karanga. Yeye akaenda mjini kununua jembe. Akarudi na jembe, na kanga!

"Kanga hatukupanga!" nikamwambia. Niligomba kweli, nikihesabu ule ulikuwa unga kiasi gani.

Akasema, "Nimechoka kwenda kanisani kama mjane. Jumapili tutatembea wote."

Tukatembea wote. Nikaimba mpaka sauti ikakauka.

Siku garimoshi la manamba lilipoondoka Tabora, mume wangu alikuwa amekaa uani anachagua mbegu. Mvua zilipoanza, jua lilitukuta kwenye shamba letu wenyewe. Yeye analima kidogo anapumzika, watoto wanafukia mbegu, mimi nasonga mbele. Hakuna aliyeniita kwake, na kama angeniita nisingekwenda! Karanga zilipochanua nilipiga magoti katikati ya matuta, na jembe langu pembeni.

Hatukutajirika, nisiwadanganye. Baba Kalunde bado anakohoa, na mwaka huu panya wamerudi kwangu, maana kuna cha kula! Mzee Petro alipita wakati wa kuvuna. Akala karanga zetu mbichi, akaomba na za kumpelekea mkewe.

Asante, Bwana Yesu! Uliniona nikiwa nyuma ya mlango. Asante, kanisa, mliotupa mkatuachia wenyewe tuamue.

Ndugu zangu, mwaminini. Mikono yake ni hii yetu, na wakati wake anaujua. Kama yuko mtu hapa ambaye kwake leo moto haujawashwa, usione haya. Hapa mbele usije kama huwezi. Tukitoka, nisogelee tu, tuongee habari za kuku, mimi nitaelewa. Jina la Bwana litukuzwe!